Tuonyesheni orere ya mitihani!

Bandugu wa Kolwezi, mwanafunzi Muyahudi akitafuta iniversite huku kwetu, mbele ya kulipa minerval aulize kitu kimoja: mitihani ya Jumamosi iko? Sabato yake inaanza Ijumaa jua likizama. "Karibu" ya mdomo haimusaidie.

Kule Uganda, Wasabato walishitaki Makerere juu ya jambo hili hili. Walishindwa 2003, wakashindwa tena 2006 kwenye korti ya juu kabisa. Hukumu ile inawabana na Abayudaya, Wayahudi wa Mbale.

Siye, Katiba yetu, kifungu cha 45, inakataza ubaguzi wa dini kwenye masomo. Na Wayahudi si wageni Katanga: sinagogi ya Lubumbashi iko toka ukoloni. Kuhamisha mutihani mpaka Jumatatu kunaomba chumba na musimamizi, basi. Mimi niko na diploma bila kazi, musimamizi hatakosekana!

Wakubwa wa iniversite, tunangojea jibu kwa maandishi, mbele ya kuandikisha wapya.