Kikulacho Gari Ki Uvunguni Mwake

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Msemo huo walifaa gari la abiria au la mizigo kama umfaavyo binadamu. Katika miji ya Kigoma na Ujiji magari huoshwa milango, boneti na vioo hata yakameta juani. Uvungu, zilipo fremu, springi na paipu za breki, mara nyingi hauguswi, wala mwenye gari hainami kuutazama. Hapo ndipo kutu hufanya kazi yake kimya kimya. Desturi hii yapasa ibadilike, si kwa ajili ya urembo, bali kwa ajili ya uhai wa wasafiri.

Wapo wasemao kwamba chumvi kuozesha magari ni balaa ya nchi za baridi. Huko, Uingereza kwa mfano, chumvi hunyunyizwa barabarani wakati wa majira ya baridi, kwa kuwa maji ya chumvi huganda kwa shida kuliko maji matupu. Magurudumu huirusha chumvi hiyo hadi chini ya gari. Kigoma haina theluji, na maji ya Ziwa Tanganyika ni baridi: lita moja ya maji ya bahari huwa na chumvi ipatayo gramu 35, ilhali lita moja ya maji ya ziwa hilo haifikishi hata gramu 1. Basi, husema watu hao, pana hofu gani?

Hoja hiyo ina ukweli nusu. Nusu ya pili iko Uvinza, karibu na mahali mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi. Chemchemi za maji ya chumvi za hapo zimetumiwa na watu kwa zaidi ya miaka 1,000, nao walichemsha maji hayo katika vyungu wakapata chumvi iliyouzwa mbali na kwao. Hata leo chumvi husafirishwa kwa magunia. Gunia likivuja, chembe hupenya katika nyufa za bodi na kutulia juu ya fremu. Zaidi ya hayo, magari mengi ya Tanzania huagizwa yakiwa yamekwisha kutumika ng'ambo, hasa Japani, na baadhi yake yalikwisha kupita katika barabara za theluji na chumvi. Rangi mpya huficha mengi, ila uvungu hausemi uongo.

Yafaa ieleweke jinsi chumvi inavyodhuru. Chuma hupata kutu pale kinapokutana na maji pamoja na oksijeni ya hewani. Kimoja kikikosekana, kutu haiendelei. Chumvi huharakisha kazi hiyo kwa njia mbili. Kwanza, maji yenye chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi, na kuoza kwa chuma ni mmenyuko unaotegemea mkondo mdogo wa umeme. Pili, chumvi hunyonya unyevu. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka kwa mvuke wa hewani unyevu unapofikia asilimia 75 hivi, hali isiyo ngeni kwa usiku wa masika kando ya ziwa. Kwa hiyo tope lenye chumvi hukaa na majimaji hata siku ambayo mvua haikunyesha. Na kwa kuwa kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, huinua rangi na kufungua njia ya maji mengine.

Katika gereji nyingi dawa inayosifiwa ni kupulizia uvungu oili chafu iliyotolewa katika injini. Ni kweli kwamba oili huzuia maji kwa muda. Lakini hulainisha na kuharibu mipira, hunasa vumbi, na hudondoka ardhini. Mvua ya Kigoma huteremka mabondeni kuelekea ziwani, na ziwa hilo ndilo lenye dagaa na migebuka inayolisha watu wengi. Kuliponya gari kwa kulitia ziwa sumu si busara. Vivyo hivyo, kupaka lami juu ya tope na kutu ni kuufungia unyevu ndani, ili chuma kioze bila kuonekana.

Mfano bora umo katika historia ya ziwa lenyewe. Meli ya Graf von Götzen, iliyoundwa Ujerumani na kuletwa Kigoma vipande vipande, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi Julai 1916 ili isitekwe. Kabla ya kuizamisha, wahandisi waliipaka mitambo yake girisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mitambo hiyo bado iliweza kutengenezwa ikatumika, na mwaka 1927 meli ilirudi kazini kwa jina la Liemba. Girisi peke yake haielezi yote, lakini fundisho ni wazi: kinga hupakwa mapema, juu ya chuma kizima, kabla adui hajaingia.

Kwa gari, utaratibu ni huohuo. Baada ya kubeba chumvi au kupita katika matope, uvungu uoshwe kwa maji mengi safi, mbali na ufuko, na matundu ya kutolea maji yazibuliwe. Gari likaushwe. Kutu iliyokwisha kuanza ikwanguliwe kwa brashi ya waya na msasa, ipakwe rangi ya kwanza yenye zinki, kisha rangi ya lami au nta. Diski na ngoma za breki zisiguswe na vitu hivyo. Paipu ya breki iliyoliwa na kutu haitibiwi kwa rangi: ibadilishwe. Paipu hiyo ikipasuka mteremkoni, hakuna mng'ao wa boneti utakaolisimamisha gari.

Somo hili laweza kuanza darasani kwa gharama ndogo. Misumari mitano isiyopakwa zinki isuguliwe kwa msasa. Mmoja uwekwe pakavu, wa pili katika maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta, wa tatu katika maji ya ziwa, wa nne katika maji yenye chumvi ya Uvinza, na wa tano upakwe girisi na kutiwa katika maji hayo hayo ya chumvi. Baada ya juma moja wanafunzi watajionea wenyewe. Kisha watoke nje wainame chini ya gari la shule, watazame. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa gari huanzia pale ambapo hakuna aliyezoea kuinama.