Kabla ya Kukataza Muguka, Fika Kiritiri

Sema ukweli, msomaji. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipopiga marufuku muguka Mombasa, kisha Kilifi na Taita Taveta zikafuata, ulishangilia, ama? Mimi pia nilikaribia. Nina mabeshte mtaani ambao muguka umewamaliza: usingizi hakuna, kazi hakuna, shavu limejaa tangu asubuhi.

Lakini ushawahi kujiuliza kwa nini mtu wa Mbeere anapanda hayo majani? Fika Kiritiri uone. Hii si ile Embu ya chai na kahawa, kule juu karibu na Mlima Kenya. Huku chini ni jua na mbuzi. Mvua ikinyesha vizuri kuna ndengu, kunde na mtama. Ikikataa, umepoteza hata mbegu. Na ndengu zikikubali, zinakomaa kwa kila mtu wakati mmoja, basi broka anakuja na bei yake tayari mfukoni. Utamkatalia vipi na mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo?

Muguka unavumilia ukame na unachumwa tena na tena. Ukichuma asubuhi na kuuza, jioni kuna unga. Hata yule asiye na shamba anapata kibarua cha kuchuma. Shida ni kwamba jani likilala, bei imekwenda, ndiyo maana zile pikapu hukimbia kama zimeiba. Ndiyo maana pia amri ya Pwani iliwatia watu wa huku kiwewe mara moja, hadi Mahakama Kuu ya Embu ilipoisimamisha.

Kinachoniuma zaidi ni maji. Mto Tana unapita hapo tu. Bwawa la Kamburu lilimalizika 1974, Gitaru 1978, na stima ikasafirishwa hadi mijini kwetu. Mkulima aliye karibu na mabwawa hayo bado anaangalia mawingu. Tukimwambia apande kitu kingine, akipande na maji gani?

Sitetei anayemuuzia mtoto wa shule, huyo ashikwe. Ila kiongozi anayetaka muguka uishe aanze na mfereji wa kutoa maji Tana hadi shambani, na mnunuzi wa ndengu ambaye bei yake inajulikana kabla ya jembe kuingia udongoni.