Dawa ya kuua majani katika divai na mkate: na bukari yetu?

Tangu miaka kumi na zaidi, habari moja inarudia-rudia kutoka Ulaya na Marekani. Wanapima divai, wanapima pombe, wanapima mkate na chakula cha asubuhi cha watoto, na karibu kila mara wanakuta ndani dawa ya kuua majani. Jina lake ni glifosati. Wengi wanaijua kwa jina la Roundup, lile kampuni Monsanto ilianza kuuza mwaka wa 1974.

Ndugu wasomaji wa Kolwezi, Likasi, Kipushi na Lubumbashi wanaweza kusema: "Divai ni mambo ya wazungu na ya misa. Sisi tunakula bukari." Ni kweli. Lakini mkate wetu unatoka katika ngano ya inje, na unga mwingi wa bukari unapita mpaka wa Kasumbalesa. Tena kuna swali moja ambalo watu wa migodi wanalijua kuliko wengine: sumu kidogo, kila siku, ni kidogo mpaka wapi?

Imeingia namna gani katika chupa?

Glifosati haibakie juu ya jani. Inaingia ndani, inashuka mpaka kwenye mizizi, na mumea wote unakauka. Ndiyo maana walimaji waliipenda: inafanya kazi ya majembe ishirini kwa siku moja. Katika mashamba ya mizabibu ya Ufaransa, wanaipiga chini ya mistari, kusudi majani yasinyanganye maji na zabibu. Sehemu ndogo inaweza kupanda kwa njia ya udongo, au kuchukuliwa na upepo.

Kwa nafaka iko njia ingine, na hii ndiyo inatia mashaka zaidi. Katika inchi zenye baridi, kama Kanada na Uingereza, walimaji wengine wanapiga dawa ile juu ya ngano au shayiri siku chache mbele ya mavuno, ili shamba lote likauke pamoja na mashini ipite vizuri. Hapo dawa inaingia moja kwa moja katika mbegu ambayo mtu atakula. Tena haiondoke kwa kuosha, na moto wa jikoni hauimalize. Kwa ngano, sehemu kubwa inabakia katika makapi; unga mweupe uko nayo kidogo kuliko unga usiotolewa makapi.

Shayiri ndiyo inatengeneza pombe. Kwa hiyo haikutushangaza kwamba mwezi wa pili 2016, shirika moja la München lilipima pombe 14 zinazojulikana sana Ujerumani, na zote 14 zilikuwa na glifosati. Ile ya chini ilikuwa na mikrograma 0,46 kwa lita; ile ya juu karibu 30. Sheria ya Ulaya kwa maji ya kunywa inaruhusu 0,1 tu. Ni kusema pombe ile ya juu ilipita kipimo cha maji mara 300. Mwaka wa 2019, shirika lingine Marekani lilipima pombe na divai 20: 19 zilikuwa nayo, na ya kwanza kabisa ilikuwa divai nyekundu, yenye mikrograma 51 kwa lita.

Tufanye hesabu

Mara 300 inaogopesha. Lakini mbele ya kuogopa, tupige hesabu, sawa vile tunafanya siku ya mshahara.

Ulaya imeweka kipimo cha kila siku: miligrama 0,5 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 hapaswi kupita miligrama 30 kwa siku. Pombe ile mbaya ya Ujerumani ilikuwa na miligrama 0,03 kwa lita. Ili kufika kwenye 30, mtu anapaswa kunywa lita 1 000 kwa siku moja. Serikali ya Ujerumani, kupitia ofisi yake ya usalama wa chakula, ilijibu vile vile. Mwenye kunywa hivyo, si glifosati itamuua; pombe yenyewe itakuwa imemuzika mbele.

Sasa tuweke divai kando, tutazame mkate. Kwa ngano, sheria ya Ulaya inaruhusu mpaka miligrama 10 kwa kilo. Kwa shayiri, 20. Kwa zabibu, 0,5 tu. Mtoto wa kilo 15, kipimo chake cha siku ni miligrama 7,5. Kama ngano iko na ile 10 yote, robo kilo inamupa 2,5, ni kusema tatu-moja ya kipimo chake, kwa chakula kimoja tu. Mara nyingi kiasi kinachopatikana katika ngano ni kidogo sana kuliko 10. Lakini hesabu inatuonyesha kitu: watu wanapiga kelele juu ya divai kwa sababu divai ni kitu cha fahari, na huku njia kubwa ya kuingia mwilini ni chakula cha masikini, kile cha kila siku. Marekani walipima mikojo ya watu 2 310, wakubwa na watoto, kwa miaka ya 2013 na 2014: zaidi ya 80 kwa mia walikuwa na glifosati. Wale wote hawakuwa wanywaji wa divai.

OMS moja, majibu mawili

Mwezi wa tatu 2015, CIRC, ofisi ya OMS ya utafiti wa kansere iliyo Lyon, iliweka glifosati katika kundi 2A: kitu ambacho "labda sana" kinaleta kansere kwa mtu. Mwezi wa tano 2016, kamati ingine ya OMS pamoja na FAO ikasema: kwa njia ya chakula, haionekane kama italeta kansere. Watu wakauliza: OMS ni moja ao mbili?

Tuelewe vizuri, kwa sababu hapa ndipo wafanya biashara wanatuchanganya. CIRC inauliza: kitu hiki kinaweza kuleta kansere? Kamati ya chakula inauliza: kwa kiasi ambacho mtu anakula, kitaleta? Ni sawa na baruti. Baruti ina hatari, hata kama iko imefungwa katika depo. Lakini hatari ya yule mwenye kulala nyumbani na hatari ya yule mwenye kuitia ndani ya tundu la mwamba, hazilingane. Majibu yote mawili yanaweza kuwa ya kweli.

Na tujue majirani wa glifosati katika kundi lile 2A. Nyama nyekundu iko humo. Kazi ya usiku, yule wenzetu wanaita poste ya usiku, iko humo. Na mwaka wa 2022, CIRC iliweka humo kobalti. Ndiyo, kobalti ile ya Kolwezi. Vumbi la mawe lenye silika na moshi wa mashini za mazuti viko juu zaidi, katika kundi la kwanza, lile lisilo na "labda". Basi, kama Ulaya inakesha kwa sababu ya mikrograma katika chupa, familia ya mchimbaji iko na haki ya kuuliza nani anakesha kwa ajili yake. Mwaka wa 2009, waganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Louvain, waliandika kwamba kobalti waliyoikuta katika mikojo ya watu wenye kukaa karibu na migodi ya Katanga ilikuwa ya juu kuliko ile iliyowahi kuandikwa kwa raia wa kawaida popote. Sumu ya chakula inakuja juu ya mzigo ule. Haikute mwili mtupu.

Yule anayeshika pompi

Katika mambo haya yote, wenye kuumia kwanza si wanywaji. Ni wafanyakazi. Dewayne Johnson alikuwa anatunza viwanja vya masomo huko Benicia, California. Kazi yake ilikuwa kupiga Roundup. Alipata kansere ya damu ya aina ya lenfoma. Mwezi wa nane 2018, tribinali ya San Francisco ilihukumu Monsanto imulipe dola milioni 289. Kisha waamuzi wa juu walipunguza mpaka milioni 20,5. Mwaka ule ule, Bayer ya Ujerumani ilikuwa imenunua Monsanto, na ikarizi kesi zote. Mwaka wa 2020 ilikubali kutoa zaidi ya dola bilioni 10 kumaliza makumi ya elfu ya mashitaki, lakini bila kukubali kosa.

Kesi zile zilitoa kitu kingine cha bei: barua za ndani za kampuni. Zilionyesha kwamba watu wa Monsanto walisaidia kuandika masomo ya sayansi yaliyotoka kwa majina ya wataalamu wengine. Moja ya mwaka wa 2000, ambayo serikali nyingi ziliitegemea kusema dawa haina shida, gazeti lililoichapisha liliiondoa mwisho wa 2025. Miaka 25 ilipita. Sisi hatusemi kwamba masomo yote ni ya uongo. Tunasema hivi: yule mwenye kuuza hawezi kuwa ndiye anayepima.

Na serikali je? Mwisho wa 2017, rais Emmanuel Macron aliahidi kwamba Ufaransa itaacha glifosati kwa miaka mitatu. Haikutimizwa. Wenye bustani za nyumbani walikatazwa tangu 2019, na mwaka wa 2020 mizabibu ikapunguziwa kipimo mpaka grama 450 kwa hektari kwa mwaka. Lakini mwezi wa kumi na moja 2023, inchi za Ulaya zilishindwa kupatana, Ufaransa yenyewe haikusema ndiyo wala hapana, na Komisyo ya Ulaya ikaongeza ruhusa kwa miaka 10, mpaka 2033. Sababu ni rahisi: bila dawa, majani yanaondolewa na mashini ao mikono, na ile inaomba feza.

Na bukari?

Zamani, Gécamines iligawa posho ya unga kwa wafanyakazi wake, na mama wa nyumba alijua gunia linatoka wapi. Leo kila mtu anajinunulia sokoni. Unga wa Zambia na unga wa Afrika ya Kusini unaweza kulala katika duka moja, lakini historia yao ni mbalimbali. Afrika ya Kusini inalima mahindi ambayo zaidi ya 80 kwa mia ni ya mbegu iliyobadilishwa, na sehemu yake imetengenezwa ili isife ikipigwa glifosati. Zambia, tangu rais Levy Mwanawasa alipokataa mwaka wa 2002 mahindi ya msaada ya aina ile, hata wakati wa njaa, ilishika njia ingine. Mahindi hupigwa dawa yakiwa bado machanga, kwa hiyo kinachobakia katika mbegu mara nyingi ni kidogo kuliko kwa ngano iliyokaushwa karibu na mavuno. Lakini "mara nyingi" si kipimo. Kipimo ni karatasi ya laboratwari.

Tusisahau pia kwamba unga uko na adui mwingine, wa haraka zaidi. Mwezi wa nane 2024, Zambia iliondoa sokoni unga wa viwanda kadhaa kwa sababu ya aflatoksini, sumu ya kuvu yenye kuota katika mahindi yaliyowekwa vibaya. Mbwa wengi walikuwa wamekufa. Aflatoksini iko katika kundi la kwanza la CIRC. Mama mwenye kutupa unga wenye kunuka kuvu anamulinda mtoto wake kuliko mwenye kuogopa chupa ya divai.

Tudai nini, tufanye nini?

Kwa maoni yetu, kuacha kula mkate hakutasaidia mtu, na kuogopa kila kitu ni njia ya kuchoka bure. Kuna mambo matatu yenye maana.

La kwanza ni la serikali. OCC iko na kazi ya kukagua vitu vinavyoingia. Tunaomba unga na ngano vipimwe kwa dawa za mashamba na kwa aflatoksini, na matokeo yabandikwe mahali watu wanasoma, si kubakia katika droo. Gunia liandikwe inchi mahindi yalitoka, hata kama yalisagwa hapa.

La pili ni la sendika. Kampuni nyingi za migodi zinakulisha wafanyakazi katika kantini. Delege wa wafanyakazi anaweza kuuliza, siku ya mkutano, unga na mafuta vinanunuliwa wapi na karatasi ya kipimo iko wapi. Aulize vilevile ni dawa gani inapigwa kando ya njia za mgodi na chini ya nyaya za umeme, na kama wale vijana wa kupiga, mara nyingi wa kazi ya siku, wanapewa ganti, butu na maski.

La tatu ni la nyumbani. Familia nyingi ziko na shamba, na dawa ya majani inauzwa sokoni, hata kwa vichupa visivyo na karatasi. Msinunue chupa isiyo na jina. Mwenye mimba na watoto wasikaribie siku ya kupiga. Nguo za kazi ile zioshwe mbali na za watoto. Na bidon ya dawa isiwekwe kamwe maji ao mafuta ya kula. Itobolewe, itupwe mbali na kisima.

Wafaransa wanapigania divai yao kwa sababu wanajua inatoka shamba gani, la nani, mwaka gani. Sisi tunaomba kitu kidogo kuliko pale: tujue gunia la unga linatoka wapi, na nani alilipima.