Je, Wema Unauhitaji Uovu?

Muhula uliopita Chama chetu cha Kiswahili kilifanya mjadala ambao hata wapishi waliacha masufuria wakaja kusimama mlangoni. Hoja ilikuwa hii: "Wema hauwezi kuwapo pasipo uovu." Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza upande wa watetezi. Tulishinda. Nilibebwa juu juu hadi bwenini kama mfungaji wa bao la fainali. Leo nashika kalamu kusema kwamba tulishinda bure, maana tulichokisema hakikuwa kweli. Naomba wenzangu wa upande ule wasininunie kabla ya kusoma hadi mwisho.

Tulisema nini? Kwanza, wahenga walinena kuwa hakuna masika yasiyo na mbu. (Nadhani mhenga huyo alikuwa mtu wa pwani, hakuwahi kulala Kiganjo mwezi wa Aprili, ambapo hata mbu anatafuta blanketi.) Pili, nilinyoosha kidole dirishani, upande wa chuo cha polisi, nikauliza: "Bwana mwenyekiti, kama wezi hawangekuwako, lile lango lingekuwa la nini? Wale makurutu wanaokimbia alfajiri wakiimba wangekuwa wapi saa hizi?" Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Tatu, nilisema asiyeonja shubiri hajui utamu wa asali. Basi, kwisha! Wapinzani walibaki kukuna vichwa.

Tuanze na hilo la polisi kwa sababu ndilo lililotupa ushindi. Ni kweli kwamba askari yuko kwa sababu ya mwizi, angalau kwa sehemu, maana askari pia huvusha watoto barabara. Lakini mwizi naye yuko kwa sababu ya nani? Yuko kwa sababu kuna mtu aliyeamka saa kumi usiku akakamua ng'ombe wake, akauza maziwa, akanunua redio. Pasipo mtu huyo hakuna cha kuibwa. Kwa hivyo wa kwanza ni mchapa kazi, wa pili ni mwizi, wa tatu ni askari. Mimi nilianza kuhesabu kutoka kwa wa pili! Wema wa askari ni wema wa dawa. Dawa ndiyo inayohitaji ugonjwa, lakini afya haihitaji. Nilichukua dawa nikaiita afya, na ukumbi mzima ukanipigia makofi.

Na kwa kuwa nimetaja maziwa, hebu tukae hapo kidogo. Sisi wa Kiganjo hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mifano. Kiwanda cha New KCC kiko hapa hapa, na wengi wetu karo zetu zimetoka kwenye kiwele. Kila mwana wa mfugaji anajua kuna watu wanaotia maji katika maziwa. Ndiyo maana yule anayepokea maziwa ana kile kipimo cha kioo kinachoelea, laktometa. Maziwa safi ni mazito kidogo kuliko maji, lita moja ina uzito wa kama kilo 1.03, kwa hivyo kipimo huelea juu. Ukitia maji, kipimo kinazama zaidi ya inavyotakiwa, na mkebe wako unarudishwa nyumbani ukiwa umejaa, majirani wakikuangalia.

Sasa fikiria. Maziwa safi yanahitaji maziwa ya ulaghai ili yawe safi? Hata! Ng'ombe hajui lolote kuhusu laktometa. Lakini maziwa ya ulaghai yanayahitaji maziwa safi, tena sana. Hakuna mlaghai awezaye kuchota mkebe wa maji mtoni akayapeleka barabarani akasema ni maziwa. Lazima maziwa ya kweli yawemo, mengi kuliko maji, ndipo uongo upite. Hata noti bandia ni hivyo hivyo: kama hakuna noti halali, ile bandia ni karatasi tu. Kwa hivyo uovu ndio unaoutegemea wema kama kupe anavyomtegemea ng'ombe. Kupe akifa ng'ombe ananenepa. Ng'ombe akifa, kupe anakwenda wapi?

Nilipomweleza mwalimu wetu wa dini wazo hili nikidhani ni langu, alicheka. Akaniambia kwamba Mtakatifu Agostino, Mwafrika mwenzetu aliyezaliwa mwaka wa 354 katika nchi tunayoiita leo Algeria, alikwisha kusema kwamba uovu si kitu chenye kusimama peke yake, bali ni upungufu wa wema, kama kidonda kilivyo upungufu wa afya ya mwili. Basi nimechelewa miaka elfu moja na mia sita. Si neno.

Lakini ile hoja ya shubiri na asali ina nguvu, sitaidharau. Watu wengi hawaoni wema hadi wauonje ubaya. Tazama Mlima Kenya. Asubuhi u wazi, theluji inang'aa, nasi tunapita na ndoo zetu bila hata kuinua kichwa. Kufikia saa nne mawingu yameufunika. Ukungu ukikaa wiki nzima kisha ukafunguka ghafla, utasikia mtu akiwaita wenzake, "Kujeni muone!" Ni mawingu yaliyotufanya tuutazame mlima. Je, ni mawingu yaliyoujenga? Mlima una mita 5,199 tukiutazama ama tusipoutazama. Kukijua kitu ni jambo moja, na kuwapo kwa kitu ni jambo jingine. Mjadala wetu ulihusu kuwapo, nasi tulijibu juu ya kujua, na hakuna mpinzani aliyetukamata.

Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe hapa Nyeri mwaka wa 1940, anasimulia katika kitabu chake "Unbowed" cha mwaka wa 2006 kuhusu mti wa mugumo uliokuwa karibu na kwao, na kijito kilichokuwa karibu na mti huo, alikokuwa akicheza na mayai ya vyura. Mama yake alimkataza kuokota kuni za mti ule kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Alipokwenda kusoma Marekani kisha akarudi, alikuta mugumo umekatwa ili chai ipandwe, na kijito kimekauka. Mwaka wa 1977 alianzisha Green Belt Movement, na kufikia mwaka wa 2004 alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel, miti zaidi ya milioni 30 ilikuwa imepandwa. Wasemao wema hutoka katika uovu watadakia hapo: "Si unaona? Bila mti kukatwa, Nobel ingetoka wapi?" Naam, Nobel isingetoka. Lakini kile kijito kilikuwako kabla ya shoka, na watoto walicheza humo bila tuzo yoyote. Ukimuuliza mama wa Ihithe achague kati ya tuzo na kijito, unadhani atasema nini?

Vivyo hivyo kwa Dedan Kimathi. Ushujaa wake ulihitaji mkoloni, sibishi. Lakini hata yeye hakuingia msituni ili awe shujaa. Alitaka ardhi na uhuru, vitu ambavyo mtu huvifurahia akiwa ameketi nyumbani kwake kwa amani.

Labda utauliza kwa nini nasumbuka hivi, mjadala si mchezo tu? Nami nilidhani ni mchezo. Lakini siku tatu baada ya mjadala nilimkuta mwanafunzi mgeni, wale tunaowaita "mono", akipima uwanja wa mpira kwa kijiti cha kiberiti. Kwa kijiti, tangu goli hadi goli, mvua ya manyunyu ikinyesha. Aliyemtuma alikuwa ameketi chini ya mti na koti lake. Nikamwambia amwache kijana huyo. Akanicheka. Akasema, "Kwani si wewe ulisema? Asipoonja shubiri atajuaje asali? Mimi namfundisha wema." Nilikosa la kusema. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, na makofi yake bado yalikuwa masikioni mwangu.

Nakiri pia kwamba hata kabla ya mjadala nilikuwa nikisema hivyo. Nilipokuwa kidato cha kwanza nililala miezi miwili bila godoro kwa sababu mkubwa mmoja alitaka kulalia mawili. Baadaye nilipenda kujidai kuwa jambo hilo lilinikomaza. Uongo mtupu. Lilinipa kikohozi. Kilichonikomaza ni jirani yangu wa kitanda, naye pia mgeni, aliyenigawia nusu ya godoro lake tukalala mzungu wa nne. Watu watasema: bila mkubwa yule, wema wa jirani usingeonekana. Lakini mimi nilimjua jirani huyo. Alikuwa akigawa mkate wake hata siku ambazo hakuna aliyeonewa, na sukari, na maelezo ya hisabati. Wema wake haukumngoja mkubwa. Mkubwa alikuja akaukuta.

Yule kijana wa kijiti nilimshika mkono nikampeleka ndani, na mwenye koti hajanisalimu hadi leo. Mwenyekiti wa chama amekubali hoja irudiwe muhula ujao, na safari hii ameniandika upande wa wapinzani. Wale mtakaonijibu, njooni mmejiandaa. Ile ya lango la polisi msinirudishie, nimekwisha kuijibu.