Niulizeni Habari za Franklin

Mashabiki wa Peanuts, mmenichosha. Kila chemshabongo ni ileile: Charles Schulz alichora katuni ngapi? 17,897. Ilianza lini? Oktoba 2, 1950, kwenye magazeti saba. Haya, mna kichwa. Mwingine atakuonyesha rafu nzima ya vidoli vya Snoopy ambavyo hajawahi hata kuvitoa kwenye boksi, eti hayo ndiyo mapenzi.

Mbona sijawahi kuulizwa kuhusu barua ya Aprili 15, 1968? Martin Luther King alikuwa ameuawa siku 11 kabla. Mwalimu mmoja mzungu wa Los Angeles, Harriet Glickman, akamwandikia Schulz: tia watoto weusi kwenye katuni yako. Schulz akasita. Aliogopa ataonekana anawafanyia watu weusi hisani ya dharau. Mama hakunyamaza, akatafuta marafiki zake weusi, nao wakamwandikia wenyewe. Julai 31, Franklin akatokea ufuoni, ameshika mpira wa Charlie Brown uliokuwa umechukuliwa na maji. Baba yake yuko vitani Vietnam. Ni hayo tu, na bado mhariri mmoja wa kusini mwa Marekani alilalamika kuona watoto hao darasa moja.

Hiyo ndiyo tarehe ya kukariri, wasee, kama lazima tukariri. Halafu rudini kwa ile filamu ya Thanksgiving ya 1973, muangalie meza vizuri. Wengine wamebanana. Franklin yuko upande wake, peke yake. Niambieni nani alipanga viti.