Wachaneni na Papa Shirandula

Juzi tulikuwa base, nje ya kinyozi hapa Muthurwa, watu sita na simu moja. Mse mmoja akaweka klipu ya zamani ya Papa Shirandula, ile ya Citizen. Tukacheka wote. Halafu kesi ikaanza.

"Huyu mzee ndiye karakta mbaya kuliko wote kwa hicho kipindi," mmoja akasema, na sijawahi kuona mbogi yetu ikikubaliana haraka hivyo. Awinja ako sawa. Njoro ako sawa. Otoyo pia. Lakini Papa? Muongo. Mshamba. Hajui kukaa na watu. Mzee mzima anadanganya bibi yake kuhusu kazi. Wa mwisho akaongeza, "Na hana hata aibu."

Hapo nikashindwa kunyamaza. Kama kuna kitu huyo mzee ako nacho tele, ni aibu.

Kwa wale mlikuwa bado mnanyonya: Papa Shirandula ni soja. Kazi yake ni kulinda. Lakini nyumbani wanajua ni mtu wa ofisi. Asubuhi anatoka amevaa kama bosi, akifika kazini anabadilisha na kuvaa yunifomu. Jioni anarudisha nguo za ubosi, anarudi kwa Wilbroda. Charles Bukeko alimwigiza zaidi ya miaka kumi, mpaka alipotuacha tarehe 18 Julai 2020. Watu walimlilia Bukeko kweli kweli. Papa mwenyewe ndiye bado anachapwa.

Tuanze na hiyo ya kutojua kukaa na watu. Ni kweli. Papa anaongea kwa sauti kubwa pale angenyamaza. Akishikwa na uongo mmoja, badala ya kukubali, anaongeza wa pili. Anajipiga kifua mbele ya watu ambao tayari wameshamjua. Ukimwangalia unataka kufunika macho kwa niaba yake.

Lakini Mr. Bean pia hajui kukaa na watu, na hakuna mtu hapa mtaani amewahi kumtukana. Tofauti ni nini? Mr. Bean anachoma picha huko Uingereza, kwa hoteli na makanisa yasiyotuhusu. Papa anachoma picha hapa kwetu. Tunajua lango analofungua. Tunajua ile rungu, ile redio ndogo, ule mkebe wa chakula. Hatumchukii kwa sababu ni mgeni kwetu. Tunamchukia kwa sababu tunamjua sana.

Sasa ile kesi kubwa, uongo. Jiulize Papa anadanganya kuhusu nini. Hajaiba. Hajasema hana kazi ili alale siku nzima. Ako na kazi, anaamka, anaenda, analeta chakula. Kitu cha pekee anachoficha ni jina la kazi. Na nani alimfundisha hilo jina ni la kufichwa? Ni sisi. Sisi tunaopita getini tukimwita "soja" bila kumtazama usoni. Sisi tunaompigia honi mtu wa umri wa babu yetu akichelewa kufungua. Kama kazi ingekuwa na heshima, kile kipindi hakingekuwa na stori hata ya wiki moja.

Na si heshima tu. Mapema 2024 mamlaka inayosimamia ulinzi wa kibinafsi ilisema soja wa Nairobi asilipwe chini ya shilingi 30,000 kwa mwezi. Kampuni zikapinga vikali. Mtu analinda mali ya mamilioni, na kuna watu walienda kubishana kama 30,000 si nyingi kwake. Halafu tunashangaa kwa nini Papa anatoka nyumbani na tai.

Nitawaambia kwa nini hii kitu inanichoma.

Nimelelewa kwenye nyumba za reli hapa Muthurwa, zile za zamani, ambapo choo ni cha wote na siri ya mtu mmoja ni ya ploti nzima. Buda yangu alikuwa akitoka saa kumi na moja asubuhi na koti la kijivu. Nikiulizwa, nilisema anafanya kazi kwa ofisi tao. Ndivyo nilivyoambiwa. Jioni ya Papa Shirandula tulikuwa tunaenda kuangalia kwa jirani, na buda alikuwa akikataa kuja. Anasema amechoka. Sikuwahi kufikiria kitu.

Nikiwa darasa la sita nilitumwa tao kuchukua mzigo wa shangazi. Nikapita mbele ya jengo fulani na nikamwona getini. Yunifomu, kofia, mikono nyuma. Tuliangaliana. Akageuza uso, akaanza kukagua buti ya gari iliyokuwa imesimama. Mimi nikaendelea kutembea.

Hadi hapo unaweza kunionea huruma. Ngoja kwanza. Kesho yake niliwaambia maboyz, na mimi mwenyewe ndiye nilimbatiza babangu Papa Shirandula. Jina likashika. Watoto walikuwa wanaliita akipita na lile koti, na mimi nilikuwa nacheka nao, ili wasinicheke mimi. Koti likaisha baada ya wiki chache. Akaanza kutoka na yunifomu kabisa, mchana kweupe, na hakuna siku alinigusia hiyo stori.

Sasa mbogi ikisema Papa ni mshamba, mimi nasikia kitu kingine.

Kuna mahali nakubaliana na nyinyi. Wilbroda alistahili ukweli. Huwezi kumpenda mtu na kumwekea ukuta mahali ambapo siku yako yote inaishia. Mathe yangu alijua tangu mwanzo, na nadhani ndiyo maana nyumba yetu ilisimama. Pia nakubali kwamba kuchekelea lafudhi ya Kiluhya mwaka baada ya mwaka ni ucheshi uliochoka. Hayo ni makosa, na nitayasema hata mbele ya shabiki sugu.

Lakini kumwita mtu takataka kwa sababu alitaka kuonekana mzito mbele ya watu wake? Na nani anasema? Sisi? Kizazi cha kupiga picha ukiegemea gari la mwenyewe ambaye hata humjui? Mimi video zangu za kwanza nilizirekodi kwenye lobi ya jengo la Upper Hill, kwa sababu ukuta wetu wa Muthurwa ulikuwa umetoka rangi. Mtu aliyeniruhusu kuingia na ile tripodi ya kuazima alikuwa soja. Aliniambia nifanye haraka kabla meneja hajarudi. Sikumuuliza hata jina.

Kwa hivyo Papa ako na koti, na mimi niko na lobi. Wewe ako na nini? Jibu polepole, hakuna haraka.

Mwezi uliopita nilienda ocha. Buda amestaafu, analima kidogo, goti linamsumbua. Usiku tukiwa wawili nikamuuliza kuhusu lile koti. Alinyamaza mpaka nikadhani amelala. Kisha akasema, "Nilitaka mwalimu akikuuliza babako anafanya nini, ujibu haraka kama wenzako."

Nilitaka kumwambia pole kuhusu lile jina. Nikasema asubuhi nitampeleka hospitali aangaliwe goti. Akasema sawa. Tulienda, na pole bado sijasema. Mnaona? Hata mimi sijui kukaa na watu.

Rudini muangalie kile kipindi tena. Chekeni, kilitengenezwa tucheke. Lakini Papa akishikwa na uongo wake na lile jasho lianze kumtoka, msiangalie yeye peke yake. Angalieni wale waliomzunguka, wanaongoja aanguke. Nilikuwa mmoja wao.