Kinachokosekana Kiwe na Jina

Swali la toleo hili ni moja: je, mkusanyo wa saa unaweza kufika mahali mwenyewe akasema umetimia? Makala nyingi zilizotufikia zilijibu haraka kwamba haiwezekani, na zilijibu kwa furaha, kana kwamba kutotosheka ndiyo sifa ya mpenzi wa kweli wa saa. Mwandishi mmoja anasema idadi inayofaa ni ile uliyo nayo ukiongeza moja. Mwingine anasema siku utakayoridhika ndiyo siku utakayoacha kuzipenda. Zile zilizoandikwa vizuri nimezichapisha, kwa sababu huo ndio msimamo wa wengi na inafaa usikike kutoka kwa wanaouamini. Mimi siukubali hata kidogo, na naona umetuharibia uwanja. Umewazoesha wakusanyaji vijana kuupima mkusanyo kwa hamu ya mnunuzi, wakati kipimo chake kipo katika kile ambacho saa zenyewe, zikiwekwa pamoja, zinaweza kutueleza. Kwamba hamu haina mwisho, sibishi. Ninachobisha ni kuifanya hamu kuwa mizani.

Mkusanyo wenye kumbukumbu za kutosha kuubeba mjadala huu ni ule wa Sir David Lionel Salomons wa Kent, Uingereza, mtu wa umeme na mashine, aliyeandaa onyesho la magari mjini Tunbridge Wells mwaka 1895. Katika saa aliamua kumfuata fundi mmoja tu, Abraham-Louis Breguet, aliyezaliwa Neuchâtel mwaka 1747 na kufariki Paris mwaka 1823. Salomons mwenyewe alifariki mwaka 1925 akiwa amekusanya zaidi ya saa 100 za karakana hiyo, na mwaka 1921 alikuwa ameshachapisha kitabu juu ya fundi huyo. Nguvu ya uamuzi wake ipo mahali ambapo wengi hawatazami. Fundi aliyekwisha kufa hatoi saa mpya kila msimu. Isitoshe, karakana ya Breguet iliweka madaftari ya mauzo yenye namba ya saa, mnunuzi na bei, na madaftari hayo yapo mpaka leo, ingawa kumbukumbu za miaka ya mwanzo ni haba. Kwa hiyo anayekusanya Breguet hukuta mpaka umekwisha kuchorwa kabla hajatoa senti yake ya kwanza. Anajua kilichopo mkononi na kisichopo. Anaweza kuikataa saa yenye saini nzuri ambayo namba yake haipatani na daftari, na hilo si jambo dogo kwa fundi ambaye kazi zake zilighushiwa angali hai, hata akalazimika kuweka saini ya siri kwenye nyuso za saa zake.

Nimesikia pingamizi kwamba mpaka wa namna hiyo ni wa kubuni, kwamba mkusanyaji anajichorea duara dogo kisha anajisifu kulijaza. Jibu limo ndani ya saa namba 160, mashuhuri kuliko zote alizopata Salomons, ambayo aliinunua mwaka 1917. Iliagizwa mwaka 1783 kwa ajili ya Malkia Marie-Antoinette wa Ufaransa, bila kikomo cha fedha wala cha muda, kwa sharti kwamba dhahabu itumike badala ya metali nyingine kila inapowezekana. Inajijaza yenyewe kwa mwendo wa mwenye kuibeba, inagonga saa, robo na dakika mtu akitaka kuisikia gizani, ina kalenda inayojua miaka mirefu na mifupi, inaonyesha tofauti kati ya muda wa jua na muda wa saa, na ina kipimajoto. Malkia aliuawa mwaka 1793. Breguet alifariki 1823. Saa ilikamilika 1827. Sasa, je, hii ni kazi ya Breguet? Ukisema mkusanyo wako ni wa saa alizozimaliza kwa uhai wake, namba 160 inatoka nje. Ukisema ni wa fikra zake, hata zile zilizokuja kutimizwa na mikono ya waliobaki karakanani, inaingia, na pamoja nayo huingia maswali mengine mengi kuhusu mwanawe na mafundi wake. Mpaka unaomlazimisha mtu kufikiri hivyo haukuchorwa ili kumstarehesha. Ni kazi ya kitaaluma, na anayeifanya kwa uaminifu atalazimika mara nyingine kuiacha nje saa anayoitamani sana, au kuipokea ndani saa ya kawaida isiyomsisimua, kwa kuwa swali lake linaidai. Breguet aliuza pia saa za mshale mmoja, zilizorahisishwa makusudi, ambazo mteja alilipa robo ya bei wakati wa kuagiza. Mkusanyo wa Breguet wenye namba 160 bila saa ya mshale mmoja una pengo, hata kama kabati linametameta.

Binti yake Salomons, Vera, alirithi saa zilizo bora zaidi, na zikaja kuwekwa katika jumba la makumbusho la sanaa za Kiislamu la L. A. Mayer alilolianzisha Jerusalem, lililofunguliwa mwaka 1974. Wanaoshangaa Breguet kukaa kati ya sanaa za Kiislamu wakumbuke kwamba fundi huyo aliwauzia Waosmani saa zenye tarakimu za Kituruki. Usiku wa Aprili 15, 1983, wezi waliingia na kuondoka na vipande 106, namba 160 ikiwa mojawapo. Hapa ndipo hoja yangu inaposimama kwa miguu yote miwili. Ukiiba nusu ya lundo la saa, mwenye lundo atajua kwamba zimepungua na atajua hasara yake kwa fedha. Jumba lile lilijua zaidi ya hapo. Kila kilichoibwa kilikuwa na namba, maelezo na nafasi yake katika historia ya fundi mmoja, na kwa sababu hiyo kingeweza kutafutwa na kutambuliwa hata baada ya miaka zaidi ya 20, wakati vipande vilipoanza kurudi mwaka 2006. Jumla ya vipande 96 vimepatikana. Wakati huohuo, huku saa ya malkia ikiwa bado haijulikani iliko, Nicolas Hayek, ambaye kampuni yake ilikuwa imeinunua Breguet mwaka 1999, aliagiza mwaka 2005 iundwe upya kutokana na nyaraka na michoro, na nakala hiyo, namba 1160, ilionyeshwa mwaka 2008, ile ya asili ikiwa imekwisha kupatikana. Saa isiyokuwepo ilifahamika vizuri kiasi cha kuweza kutengenezwa tena. Wanaosema mkusanyo hautimii kamwe wanieleze ni nini kilichokuwa pungufu katika ufahamu huo.

Wataniambia kwamba ufahamu ni kitu kimoja na hisia ya kutimia ni kitu kingine, na kwamba hakuna anayeweza kutulia ilhali kuna saa anayoijua na hana. Mfano mgumu kuliko yote ni namba 2639. Caroline Murat, Malkia wa Napoli, aliagiza kwa Breguet mwaka 1810 saa ya kuvaliwa mkononi, na kwa kadiri ya maandishi tuliyo nayo ndiyo saa ya mkono ya kwanza inayojulikana. Daftari linaonyesha ilikamilishwa mwaka 1812 na kwamba ilirudi karakanani kutengenezwa mwaka 1849 na tena 1855. Baada ya hapo hakuna ajuaye iliko. Hakuna mkusanyo wa Breguet duniani unaoweza kuwa nayo leo, na kama kutimia maana yake ni kumiliki kila kitu, basi mlango umefungwa. Lakini namba 2639 haimsumbui mkusanyaji wa Breguet kama saa mpya ya dirishani inavyomsumbua mnunuzi. Amekwisha kuitolea hesabu: anajua iliagizwa na nani, lini, ilionekana lini kwa mara ya mwisho. Pengo lenye jina na tarehe ni sehemu ya mkusanyo sawa na saa iliyomo kabatini. Hisia inayowakosesha watu usingizi ni ya pengo lisilo na jina, ile ya kuhisi kwamba kuna kitu fulani mahali fulani ambacho kingemaliza kiu. Hiyo haitibiwi kwa kununua, na wenye viwanda na nyumba za mnada wanalifahamu hilo kuliko sisi.

Mfano wa upande wa pili ni Henry Graves wa New York na Patek Philippe aliyoiagiza mwaka 1925 ikafika mikononi mwake 1933, yenye kazi 24 pamoja na ramani ya nyota za anga la mji wake. Ni saa tukufu. Lakini lengo lililoizaa lilikuwa kuwa na saa yenye mambo mengi kuliko nyingine yoyote, na lengo la namna hiyo hufungwa na kufunguliwa na watu wengine. Mwaka 1989 Patek Philippe wenyewe walitoa saa yenye kazi 33, Vacheron Constantin wakatoa ya 57 mwaka 2015, kisha ya 63 mwaka 2024. Tazama sasa kilichotokea kwa saa hiyohiyo ilipohamia kwa Seth Atwood, aliyekuwa na jumba la makumbusho ya muda Rockford, Illinois. Atwood alikusanya historia nzima ya jinsi binadamu alivyopima muda, na orodha zilizochapishwa za jumba lake zina juzuu za astrolabi na za saa za maji na mchanga. Kwa Graves saa ile ilikuwa kilele. Kwa Atwood ilikuwa hatua moja katika safari ndefu, na hatua inayofuata haiipunguzii thamani. Najua jumba lile lilifungwa mwaka 1999, na mwaka huohuo saa ya Graves ikauzwa mnadani kwa dola milioni 11, kisha mwaka 2014 kwa zaidi ya faranga za Uswisi milioni 23. Rafiki wa msimamo wa wengi ataona hapo ushahidi wake: hata mkusanyo wenye swali hutawanyika. Hutawanyika, ndiyo. Kutawanyika ni ajali ya umiliki na urithi, na haisemi lolote kama mkusanyo ulitimia au haukutimia kabla ya siku hiyo. Orodha za Atwood bado zinasomwa na wanaotafiti vyombo hivyo, na mtu anaweza kuzitumia leo bila kumiliki hata kimoja.

Lililobaki ni pingamizi la pesa, na hili nalichukulia kwa uzito kuliko yote, kwa kuwa wasomaji wetu wengi hawataigusa Breguet maishani. Chukua swali hili: usahihi wa muda uliwezaje kushuka kutoka mkononi mwa tajiri hadi mkononi mwa kila mtu ndani ya miaka 20? Linaanza Desemba 25, 1969, Seiko walipoitoa Astron ya kwatzi kwa yeni 450,000, bei ya gari dogo. Linapita Machi 1, 1983, Swatch ya plastiki ilipozinduliwa Zürich ikiwa na vipande 51 tu ndani yake na aina 12. Linaishia Casio F-91W ya mwaka 1989, ambayo iko kwenye meza za wachuuzi kuanzia Mwanza hadi Mombasa. Kati ya vituo hivyo zipo saa kadhaa za miaka ya 1970 ambazo mtu mwenye subira anaweza kuzipata na fundi saa akazifufua. Astron huenda asiipate kamwe, kama vile hakuna atakayeipata namba 2639. Ataiandika katika orodha yake pamoja na mwaka, bei na sababu ya kuihitaji, na mkusanyo wake utakuwa na heshima ileile. Aina 12 za mwanzo za Swatch ni mpaka mzuri pia. Anayetaka kila Swatch iliyowahi kutoka amejitia utumwani mwa kiwanda.

Kuhusu makala nyingine za toleo hili nitasema machache. Ile ya saa zenye khanjari usoni, zilizotengenezwa kwa amri ya Sultani Qaboos wa Oman, ina picha zitakazowafurahisha wasomaji wetu wa Muscat, na mpaka wake ni safi: alama moja, mtoaji mmoja, utawala ulioanza 1970 na kwisha 2020. Mazungumzo na fundi wa Kariakoo kuhusu kamani na vipuri vya bandia yasomwe na kila anayetaka kununua saa kuukuu. Makala ya aliyeuza saa zake zote ni ya kusikitisha, nami naamini aliuza lundo.

Toleo lijalo litatoa nafasi kwa orodha za wasomaji. Tunataka swali la mkusanyo kwa sentensi moja, saa zilizopo, na saa zinazokosekana, kila moja kwa jina, mwaka na sababu. Bei hatuzihitaji. Orodha isiyo na sehemu ya saa zinazokosekana haitachapishwa.